Gunia la Pili

Zagayu, Itilima
11 Juni 2023

Kaka Luhende,

Mwangaluka. Sijui utaisoma asubuhi au jioni, pokea hivyo hivyo. Sisi huku tunapumua. Baba anakohoa, vumbi la pamba limemkaa kifuani, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayeivuna. Winnie ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu kila anaponyonya. Baba yake bado yuko Lamadi kwenye dagaa. Amepiga mara moja kwenye simu ya Baba, akasema ziwa limechafuka, basi. Mdogo wetu Salu hajambo kule Dutwa kwa mume wake Magese. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata. Nilimwambia hivyo akaninunia siku nzima, halafu jioni akaja kuniegemea.

Barua hii anakuletea mama Stephania wa kanisani. Yeye na wenzake huja kusali na mahabusu kila baada ya Jumapili mbili, kwa hiyo ukijibu mpe yeye. Nimekuwekea sabuni ya mche na pakiti ya chumvi. Kama hazikufika zote, usiseme kitu.

Sasa jambo lenyewe. Mama ana kidonda mkononi.

Kilianza kama kipele cha mbu, siku chache baada ya wewe kukamatwa. Kikatoa malengelenge, yakapasuka, sasa katikati pameiva peusi kama kaa lililozimika, na mkono umevimba hadi kiwiko. Ajabu yake hakimuumi. Anakibonyeza mbele yangu anasema, ona, hakuna kitu. Mimi hicho ndicho kinachonitisha, kidonda cha ukubwa ule kisichouma.

Nilimpeleka zahanati kwa nguvu. Mganga alimwangalia kidogo tu akaacha kuandika. Akamwuliza, "Mama, umechuna ngozi yoyote karibuni? Umekata nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe?" Mama akasema, "Mwanangu, mimi nakata mlenda tu." Akamwuliza tena, Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na Winnie kifuani, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yako, na kesi yako ya nyara za serikali.

Kaka, ile nyama uliyoleta kutoka porini Mama ndiye aliyeikata. Alikaa siku nzima anaitoa mapande membamba, anaipaka chumvi, anaianika kwenye waya nyuma ya ghala iwe kimoro. Alijikata kidole, akakifunga kitambaa akaendelea. Nakuuliza jambo moja tu, unijibu kama dada yako na siyo kama hakimu. Yule nyumbu mlimpataje? Alikuwa anakimbia, au mlimkuta amelala?

Mdogo wako,
Milembe

*

Bariadi
25 Juni 2023

Mama Winnie,

Salamu zimefika, na sabuni imefika nusu. Nimecheka. Huku nami napumua. Tumebanana, mmoja akitaka kugeuka usiku anatangaza, wote tunageuka. Kuna mzee mmoja wa Meatu anakoroma hadi afande anamwomba radhi kwa kumwamsha. Kesi imetajwa tena, imeahirishwa tena, upelelezi haujakamilika. Wanasema hivyo tu, halafu tunarudishwa kwenye gari.

Mwambie Baba pamba ya shamba la chini asiichume mapema, ina umande. Mpe pole ya kikohozi. Najua hataki kusikia jina langu, mpe kama vile imetoka kwako.

Kuhusu Mama, mwekeeni majivu ya moto. Mwaka ule alipochomwa na mwiba wa mgunga mkono ulivimba hivyo hivyo ukapona. Wale wa zahanati wanauliza maswali ili waonekane wamesoma.

Na hilo uliloniuliza, sipendi uliandike. Barua zinafunguliwa. Lakini kwa kuwa umeuliza, nakuambia mnyama alichinjwa. Alikuwa hai. Tulimuwahi. Kisu kilipita na damu ikatoka, tena nyingi. Sisi hatuli mzoga, Milembe, wewe umelelewa nyumba ile ile unajua. Mnyama ukimuwahi na kisu ni nyama. Hata ng'ombe wa Baba yule mwekundu aliyelala zizini tulimuwahi, tukala wote, na wewe ulikula maini.

Basi, lisirudi tena.

Salu bado hajajifungua? Niandikie.

Kaka yako,
Luhende

*

Zagayu
9 Julai 2023

Kaka,

Nimeamka na Winnie ana homa ya meno, naandika nimemweka gotini, ukiona mwandiko umeruka ni yeye. Baba ameisikia habari ya umande, hakuuliza imetoka kwa nani. Alikwenda kuangalia shamba la chini na akaiacha pamba.

Mama alilala wodini Bariadi wiki nzima. Kumbe mlikuwa mji mmoja. Nilikwenda kumtunza, nikapita nje ya ukuta wenu nimebeba chupa ya uji, sikujua ningefanya nini, nikapita tu. Sasa amerudi. Wamemchoma sindano hadi akasema makalio yake si yake tena. Mkono umenywea, lile jeusi limeanza kubanduka. Atapona. Nakuambia hili kwanza ili usome lililobaki ukiwa umetulia.

Nilirudi zahanati peke yangu nikasema. Ndiyo, nilisema. Niliona mkono wa Mama na nikaona wewe, nikachagua mkono wa Mama. Kama umekasirika, kasirika. Mganga akampigia simu afisa mifugo, akaja dada mmoja anaitwa Wema, na pikipiki kutoka Lagangabilili. Hakuja na askari. Alikaa na Mama uani, akamwuliza taratibu kama anamsuka nywele. Mama akasema yote. Damu kwenye beseni hadi jioni ilikuwa bado nyepesi, haikuganda. Bandama ilikuwa kubwa kuliko kawaida, nyeusi, ukiishika inaporomoka kama matope. "Mama, uliona hayo na bado ukaikata?" Mama akamjibu, "Nyama aliyoibeba mwanangu usiku mzima mgongoni, ningeanzaje kuitupa?"

Wema akasema ni kimeta. Kinawakamata nyumbu kule porini, kinakamata ng'ombe, kinakamata watu. Nikamwambia lile la kumuwahi na kisu, sikusema limetoka kwako. Akasema hapo ndipo wengi wanapokwama. Mnyama aliyelala anahema ameshauliwa na ugonjwa, wewe unamalizia tu, na ukimpasua ndiyo unaumwaga ugonjwa nje. Kisu hakitibu. Chumvi haiui, jua haliui. Nyama ikishakauka ugonjwa unalala ndani yake unasubiri, hata mwezi, hata mwaka. Mkono ukishikwa unapona ukiwahi sindano. Anayekula ukashuka tumboni, huyo ni vigumu. Nimekuandikia kama alivyosema.

Kaka, Mama ndiye aliyeshona midomo ya magunia. Yalikuwa mawili. Mahakamani walisoma gunia moja. Wewe ulitoka hapa na baiskeli alfajiri na magunia mawili, ulikamatwa jioni na moja. Lingine liko wapi?

Najua barua inafunguliwa. Waisome. Na wao wana mama zao.

Sitaki kujua ulilipwa nini wala nani alikuwa na wewe. Nataka jina la nyumba tu, Wema aende akaichukue kabla haijaingia chunguni.

Salu bado. Wamemwambia mwisho wa mwezi huu au mwanzo wa ule.

Milembe

*

Bariadi
23 Julai 2023

Mama Winnie,

Namshukuru Mungu kwa mkono wa Mama. Nimesoma mstari ule mara nyingi. Siku uliyopita nje ya ukuta sikujua, lakini najua ni saa ngapi unaweza kuwa umepita, kwa sababu saa za uji sisi tunakuwa uani, tunasikia watu wa barabarani. Pengine nilikusikia.

Sijakukasirikia. Umefanya ulivyoona.

Gunia hilo liache. Lilishaliwa. Walikula na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Huyo dada Wema anasema ya kitabuni. Mimi na wewe tumekua kwa kimoro, babu alikufa mzee hana jino hata moja na alikuwa anatwangiwa. Mama alijikata kidole, uchafu ukaingia, ndiyo maana. Wengine hawakujikata.

Hata kama lingekuwapo nisingesema. Umeona mimi niko wapi kwa gunia moja. Dhamana hakuna, mashahidi hawaji, nimekonda hadi suruali nafunga kwa kamba. Aliyepokea hakuomba. Nilimpelekea mimi kwa mapenzi yangu, na ana mwenzake ambaye ni mtu mwema, amenisitiri wakati Baba alinifungia mlango. Nimtie pingu mtu kama huyo? Niambie wewe mwenye huruma. Halafu nilale humu nikimwona yuko kona ile pale?

Usiniulize tena. Nakuomba kwa jina la Winnie.

Lakini Salu akijifungua niandikie siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili ya mama Stephania, tafuta mtu yeyote anayekuja Bariadi. Siku hiyo hiyo. Umesikia?

Luhende

*

Dutwa
6 Agosti 2023

Kaka yangu,

Hongera, umekuwa mjomba tena. Salu amejifungua Jumanne, mtoto wa kike, mkubwa, ana nywele hadi shingoni. Magese amecheza barabarani mbele ya watu wa baiskeli, mtu mzima yule, wanamcheka na yeye anacheza tu. Mama hawezi kubeba maji kwa ule mkono, kwa hiyo nimekuja mimi na Winnie kumtunza mzazi. Winnie ana wivu. Nikimshika mdogo wake ananivuta kanga.

Nisamehe sikuandika siku ile ile. Usiku sikulala, mchana sikukaa.

Salu hajambo. Amechoka, uzazi wa kwanza unachosha, unajua alivyo mwembamba. Mama mkwe wake, mama Kwandu, anamshughulikia kama yai. Kila asubuhi na jioni anampikia mchuzi wa nyama kavu aliyoitwanga, mzito, na hataki mtu mwingine auonje. Kwao hapa mchuzi wa mzazi ni wa mzazi peke yake, ukiudokoa unamnyima maziwa. Mimi nilichungulia jikoni akanifukuza na mwiko. "Wewe ulishazaa, nenda kafue!" Basi nafua.

Maziwa ya Salu bado hayajashuka vizuri. Mtoto namsaidia mimi mara moja moja. Usiwe na wasiwasi.

Anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba Magese alipokuwa anacheza yeye alichekea tumboni, hana nguvu ya kucheka kwa sauti.

Milembe

*

Bariadi
10 Agosti 2023, Alhamisi

Milembe,

Barua yako wamenipa leo. Ilikaa ofisini tangu Jumapili inasubiri kusomwa.

Mwambie asile. Asile tena hata kijiko. Hiyo nyama ndiyo ile. Gunia la pili liko kwa Salu, nililipeleka mimi siku ile ile, nilipita Dutwa kwanza. Liko darini jikoni juu ya moshi, nililipandisha mwenyewe. Nilimwambia ni ya uzazi wake, asiiguse hadi ajifungue, na asimwambie mtu, hata wewe, hata Mama. Aliifurahia sana. Alisema watu wa huku watajua na mimi nina kaka.

Nilikuwa nawaficha Magese na yeye. Nilisema moyoni nikishapata hukumu itakuwa imepita. Nilisema ya yule dada ni maneno. Kisha uliponiandikia kuhusu bandama nikakumbuka nilivyomkuta mnyama. Alikuwa amelala, Milembe. Alikuwa amelala, puani ana damu, anahema. Nilimwona. Wenzangu walisema tumuwahi na mimi nikatoa kisu. Na baada ya barua yako sikulala, na bado niliandika lile jibu.

Afande Jeremia ameisoma barua hii kabla ya wewe, nimempa wazi mkononi. Ameniuliza kama najua ninachoandika. Nimesema najua. Ameniuliza tena. Nimemwomba apige simu ya Baba, ndiyo namba pekee niliyonayo kichwani. Amepiga kwa simu yake mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikazimwa. Baba hapokei namba asiyoijua tangu nilipokamatwa. Afande anasema mkubwa wake akirudi akaipitisha barua ataituma kwa basi la Dutwa, konda aulize kwa Magese fundi baiskeli.

Mkimbize hospitali. Waambie kimeta, usione haya, taja jina langu. Mtaje na Magese, atanisamehe.

Umesema amechoka. Amechokaje? Ana homa? Kwa nini maziwa hayashuki? Milembe, wewe huandiki "usiwe na wasiwasi" kama hakuna kitu. Nijibu.

Luhende

*

Zagayu
3 Septemba 2023

Kaka Luhende,

Mama Stephania alipita Jumapili ile nyingine nikamwambia sina barua. Alikuangalia kule akakuta tayari umeambiwa na Afande, akarudi akaniambia ulikaa chini tu. Kwa hiyo unajua. Lakini umeambiwa na mtu mwingine, na hilo halinipi amani. Ngoja nikuambie mimi.

Salu alifariki Jumanne jioni, tarehe nane. Tulimzika Alhamisi, kwa Magese, upande wa mashariki wa nyumba. Kwa hiyo ulipokuwa unaandika tulikuwa tumeshamlaza. Na simu ya Baba ilipoita, tulikuwa tunarudishia udongo. Baba aliitoa mfukoni akaona namba ngeni, ikaita hadi watu wakageuka, ilipoita mara ya pili akaizima. Nilikuja kumwambia ilikuwa ya nani. Tangu siku hiyo anapokea kila namba, hata wale wanaokosea.

Uliuliza alichokaje. Nakujibu.

Siku niliyokuandikia "hajambo" alikuwa ameshaanza kutapika. Ana homa, tumbo limekaza, analia akiguswa. Mama Kwandu alisema ni uchafu wa uzazi haujatoka wote, na mimi niliamini, nimeyaona hayo kwa wanawake wengi. Sikuandika kwa sababu wewe uko ndani, huwezi kumletea hata maji, nikasema nimtulize mmoja angalau. Jumatatu alitoa damu kwa nyuma, siyo inavyotoka kwa mzazi. Magese alimpakia kwenye pikipiki katikati yetu wawili hadi kituo cha afya, wakatupa gari la kwenda Bariadi. Daktari aliniuliza amekula nini. Nikasema uji na mchuzi. Akauliza mchuzi wa nini. Nikasema nyama kavu ya dukani. Niliamini hivyo, kaka. Salu alikuwa ananiangalia. Midomo ilisogea, nikadhani anataka maji, nikampa maji.

Alikuwa anajua nyama ilikotoka. Wewe ulimwambia asiseme na yeye hakusema.

Mimi nilijua ugonjwa bila kujua nyama iko wapi. Wewe ulijua nyama iko wapi, ugonjwa ukaukataa. Nimelizungusha hili kichwani nikifua, nikitwanga, nikinyonyesha, na kila nikilizungusha linaishia kwa Salu.

Barua yako ilifika siku ya kuanua matanga. Konda aliuliza pale nje, watu wakanionyesha. Nikaisomea mlangoni nimesimama, mtoto wa Salu mgongoni na Winnie ameshika gauni. Nilisoma hadi "darini jikoni juu ya moshi", nikasikia harufu. Mama Kwandu alikuwa ameliteremsha gunia lote ili awapikie waombolezaji. Sufuria mbili kubwa zilikuwa jikoni, na wanawake wameshapanga sahani.

Niliingia. Safari hii hakunifukuza na mwiko, alidhani nimekuja kusaidia. Nikasema, "Mama, zima moto. Nyama hii hailiwi." Akasema, "Nyama ya marehemu mwenyewe hii, aliitunza miezi, watu wametoka Bariadi kwa miguu, niwape mlenda?" Nikasema, "Ndiyo, wape mlenda." Wanawake wakaanza. Mmoja akasema huyu analeta mikosi ya kwao. Mwingine, "Mwacheni, uchungu umempanda." Mama Kwandu akaniuliza mbele yao, "Unasema nimemuua mkwe wangu?"

Unajua mimi siyo mtu wa kusimama mbele za watu. Nilimshika mikono, yenye masizi, nikamwambia, "Wewe umempikia. Kaka yangu ndiye aliyeleta. Na mimi nililala chumba kimoja naye sikuuliza." Halafu nikasoma barua yako kwa sauti, yote, hata ya afande, hata ya puani ana damu. Nilipomaliza, mama Kwandu aliuangalia moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyevuta kuni. Akakaa chini akavua kilemba. Hakuna aliyekula. Nakuandikia hili wazi kwa sababu ni kweli na unastahili kulijua: pale uani walikuwapo watoto, walikuwapo wazee, na hakuna aliyekula.

Wema alikuja jioni. Wakachoma kila kitu, gunia, kinu, hadi udongo wa mahali pale, wakamwaga chokaa. Wote wa nyumbani tumepewa vidonge, na mtoto dawa ya maji. Askari nao walikuja, kama ulivyoogopa. Walimchukua Magese hadi kituoni Bariadi, wakamhoji, akasema hakujua kuna nyama darini kwake, na hakujua kweli. Wakamwachia kesho yake. Hakuna pingu zilizomfika, kaka. Hicho ulichokuwa unakilinda kingelindika chenyewe.

Magese hasemi vibaya juu yako. Hasemi kabisa. Amerudi kwenye baiskeli zake, anakaza spoku ambazo hazijalegea. Mama anauliza kila siku kama unakula. Baba alisema nisikuandikie tena. Nikamwambia, "Baba, ninaandika." Akasema nikiandika nisimtaje. Sasa nimeshamtaja.

Wema aliniambia maneno ya kunifariji, kwamba hakuna aliyekusudia. Mama Stephania naye amesema Mungu amepanga. Mimi sitakuambia hivyo. Ulimwona mnyama amelala, na nilipokuuliza mara ya pili ulinijibu uongo, na mimi niliyekuuliza nikakuandikia uongo wangu. Sitaki tuufunike. Lakini hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kukaa naye na jambo hili, ni wewe tu. Kwa hiyo usidhani nitakuacha.

Mtoto yuko kwangu. Wazee wa kwao walikubali akae hadi aachishwe. Nina wawili kifuani, mmoja ana meno na mwingine hana, na nimekuwa mwembamba hadi baba Winnie alipokuja kuhani alinipita njiani asinitambue. Wamempa jina la bibi yao, Mektilda, lakini Magese akija kumwona anamwita Salu, halafu anaomba radhi.

Atauliza huyu. Siyo leo, lakini atauliza mama yake aliumwa nini, na mimi sitamwambia ni uzazi. Atakayemjibu ni wewe. Wewe huko una muda, mimi sina. Anza kuyatafuta maneno sasa, uyapange, yakikataa uyapange tena, ili siku utakayotoka uwe nayo.

Mimi huku naendelea kumnyonyesha.

Dada yako,
Milembe